Kazi ya Kuandika Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini sikufundisha hata herufi moja. Nilifika shuleni, upande wa Nangina, nimevaa viatu vipya vilivyonibana, cheti changu cha ualimu kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na azimio la kazi la muhula mzima nimeshaliandika kwa wino wa rangi mbili. Azimio la kazi ni ile ramani ya mwalimu inayoonyesha atafundisha nini wiki gani, na wakufunzi wetu walikuwa wametutia hofu ya kufa juu yake. Mwalimu Mkuu hakulitazama. Alikuwa mtu mrefu mwenye masharubu yaliyokatwa kwa makini, naye alisimama mlangoni mwa ofisi, kofia mkononi, kama mtu anayetoka.

"Unaitwa nani tena?"

"Nabwire, bwana Mwalimu Mkuu."

"Mwandiko wako uko namna gani?"

Nikamwonyesha azimio. Akatazama mistari miwili mitatu, si kwa ajili ya somo bali kwa ajili ya herufi, akaridhika. "Vizuri. Leo hakuna masomo, tuna matanga hapo chini. Mwalimu aliyekuwa akiandika historia za marehemu amehamishwa. Weka mzigo wako, twende."

Ndivyo nilivyoingia katika utumishi, na kalamu ikafika mkononi mwangu kabla ya chaki. Kwetu, kuanzia Funyula mpaka Malaba, mtu hazikwi kabla maisha yake hayajasomwa mbele ya watu. Karatasi hiyo ndiyo historia ya marehemu, na kazi ya kuiandika humwangukia mwalimu. Hakuna barua ya ajira inayosema hivyo, wala mkaguzi aliyewahi kuikagua. Mwalimu ana kalamu, ana sauti inayosikika hata spika zikizimika, na hudhaniwa kuwa hana upande. Vijana wanaonitembelea siku hizi wakitaka kujua nilisomea wapi uandishi hutaraji nitaje chuo kikuu. Nikiwaambia nilisomea matangani hucheka, wakidhani bibi anafanya mzaha.

Marehemu wangu wa kwanza alikuwa mama mzee aliyefinyanga vyungu. Niliketi na wanaume waliokalia viti, nikauliza, wakajibu, nikaandika: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alizaa, aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Kuna desturi kwamba historia husomwa kwanza mbele ya jamaa kabla ya siku ya mazishi, ili kila upande uikubali. Tunaita kupitisha historia. Nilipomaliza kusoma, dada yake marehemu, aliyekuwa akimenya mihogo karibu na jiko, alicheka kwa sauti.

"Sasa huyo umesoma ni nani? Mimi simjui. Uliuliza nani, hao wa viti? Hao walikuwa wanakula tu."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilisogeza kigoda mpaka jikoni, naye akanisimulia jinsi dada yake alivyogonga kila chungu kwa kidole kabla ya kukiuza, na kama mlio haukumpendeza alikivunja papo hapo, hata mnunuzi akiwa amesimama na pesa mkononi. Nikaandika hayo. Siku ya mazishi niliposoma sehemu hiyo, watu waliguna kwa pamoja, na mwanaume mmoja wa makamo akatoa leso akafuta macho. Sikuwahi kuona somo langu lolote likimfanya mtu afute macho. Tangu siku hiyo, kila nilipofika matangani nilianzia jikoni, kisha ndipo nikaenda kusalimia wenye viti.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, chini ya Mwalimu Mkuu mwanamke, mnene, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kuipuuza. Huko nilipewa insha za madarasa ya juu, nikakuta ugonjwa. Watoto wote walikuwa wamekariri alfajiri moja: jua lile lile lilichomoza, ndege wale wale waliimba, na kila mtoto alikuwa na bustani ya waridi nyumbani, hali nyumbani kwao kuna mahindi na mbuzi wa kamba. Nikapiga marufuku alfajiri. Nikawaambia kila mmoja aende nyumbani, akae jikoni, aandike mtu mmoja anayemjua. Msichana mmoja akaniletea insha kuhusu bibi yake anayevusha mayai mpakani kwa baiskeli: anavyoyapanga kwenye majani makavu, na anavyomwambia kila askari, "Pole pole mwanangu, hapa kuna watoto wamelala."

Mkaguzi wa shule alipokuja, akafungua madaftari, akakunja uso. "Madam, hizi insha hazina tamathali za usemi. Ziko wapi methali? Iko wapi mandhari?"

Kabla sijajibu, Mwalimu Mkuu wangu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Ziko na watu, bwana Mkaguzi. Tafuta hapo ndani, utawapata."

Nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, na wakubwa waliokuja baadaye niliwapima kwake. Wengi hawakufika hata begani.

Kisha wakanipeleka Malaba. Anayeijua Malaba anajua: foleni ya malori yaendayo Uganda, wenye kubadilisha pesa, mama wa chapati, na asubuhi watoto wenye sare wakivuka daraja kuja kusoma upande wetu. Mwenyekiti wa kamati yetu ya shule alikuwa mtu wa kutoa mizigo forodhani, mcheshi, mwenye paji la uso pana kama sahani. Nyumbani kwake upande huu alikuwa na mke ambaye kila mtu alimwita Toto, yaani mama kwa Kiteso. Ng'ambo ya daraja alikuwa na nyumba ya pili, na huko mama wa nyumba aliitwa Nalongo, jina wanalopewa wanawake waliozaa pacha. Pacha wenyewe, Babirye na Nakato, walikuwa darasani kwangu, wote wawili na lile paji la uso. Habari hiyo ilijulikana kwa kila mtu, na hakuna aliyeitamka.

Mwenyekiti akafariki ghafla. Mwalimu Mkuu wa Malaba, mtu mfupi mwenye haraka, aliyeipenda shule yake kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda majengo, akaniita ofisini siku hiyo hiyo.

"Madam, historia hii isomeke vizuri. Kutakuwa na wageni wakubwa. Lile darasa alilotuezekea litajwe, litajwe na mabati yake. Tukisema vizuri, wanawe watamalizia lile lingine. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na wale wa ng'ambo, wacha."

"Wale wa ng'ambo ni wanafunzi wetu, bwana Mwalimu Mkuu."

"Ni wanafunzi wetu. Sio watoto wake. Familia imesema."

"Familia gani? Nani amesema?"

"Madam," akasema, akipanga karatasi zilizokuwa zimepangika, "asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Mtu wa mbali anaweza kuuliza jina kwenye karatasi lina uzito gani. Kwetu lina uzito wote. Watoto waliotajwa kwenye historia ndio husogea mbele, husimama karibu na jeneza, hutupa udongo. Asiyetajwa husimama kwenye ua pamoja na majirani. Na siku moja akija kusalimia ndugu zake, au akitaka kuonyeshwa tu kaburi la babake, ataulizwa: wewe ulitajwa lini? Babirye na Nakato walilijua hilo. Wiki ile hawakunyoosha mkono darasani hata mara moja.

Mama yao akaja shuleni wakati wa mapumziko, akateremsha beseni la ndizi, akapiga magoti kunisalimu, jinsi wanavyofanya wanawake wa kwao. Nikamwomba ainuke, akakataa.

"Mwalimu, sikuja kutafuta jina langu. Mimi nimezoea. Nataka watoto watupe udongo kwa baba yao. Wasipotupa, watakaa wakimngojea kwa daraja kila jioni. Hayo tu, nnyabo," akaniita, yaani bibi kwa lugha ya kwao.

Nilikasirika. Nawaambieni wazi, nilikasirika kwa sababu wanaume watatu kwenye viti, kaka zake marehemu, walikuwa wamekata shauri juu ya wasichana wawili, na mimi nilitakiwa kuwa wembe wao. Nikafanya nilichojua. Niliwapita wenye viti, nikaingia nyumbani kwa Toto, nikamkuta ameketi mkekani pamoja na wanawake wengine, kichwa kimefungwa kitambaa, nikamsalimu kwa Kiteso.

"Yoga, Toto."

"Yoga noi, mwalimu."

"Wazee wanasema hutaki wale pacha watajwe."

Akanitazama. "Wazee waliniuliza lini?"

Toto akavuta kitambaa chake, akasema polepole, "Hao wasichana wako na uso ya bwanangu. Wakipita hapo barabarani na uniform, mimi huangalia kando. Lakini macho imeshaona. Andika watoto. Mtoto hakujileta. Lakini huyo mwanamke, mwalimu, nikisikia jina lake hapa kwa boma yangu, nitaamka nitoke, na watu wote wataniona nikitoka."

"Sitamtaja. Lakini utawaambia wazee?"

"Mimi sitabishana na mashemeji mbele ya maiti. Mwenye kalamu ni wewe."

Kwa hiyo nikawaandika pacha mwishoni mwa orodha ya watoto, kwa idhini ya mwenye nyumba. Mchana wa kupitisha historia, kaka mkubwa wa marehemu alichukua kalamu yangu mwenyewe, akapiga mstari juu ya majina mawili, akanirudishia kalamu kwa adabu. Mstari mmoja mfupi, na wasichana wawili hawakuwa na baba. Mwalimu Mkuu akaongeza kwamba, kwa heshima ya wageni, historia ataisoma yeye.

Nilirudi shuleni, nikakaa katika chumba cha walimu na ile karatasi, na hapo ndipo nilipokuwa mwandishi. Sisemi nilianza kuandika hapo; kuandika nilikuwa nikiandika. Nilichokiona ni kwamba jina lililo kwenye orodha halishikani na kitu. Ukilifuta, majina mengine yanasogea, na hakuna anayejua kuna mtu alikuwepo. Lakini mtu aliyefanya jambo, au aliyefanyiwa jambo, akikaa katikati ya jambo lenyewe, kumtoa ni kubomoa. Nikajiuliza: ni sehemu gani ya historia hii ambayo Mwalimu Mkuu hatakubali ibomoke? Sikuhitaji kufikiri sana. Na nilijua lile darasa liliezekwa kwa nini, maana siku mvua ilipoliezua, mwalimu wa zamu, anayesimamia shule wiki hiyo, nilikuwa mimi.

Nikaisafisha orodha kama nilivyoagizwa. Aya ya darasa nikaiandika upya, na sikuongeza hata chumvi. Asubuhi ya mazishi Mwalimu Mkuu aliipokea karatasi, akaangalia orodha ya watoto, akaona iko jinsi wazee walivyotaka, akaitia mfukoni.

Uwanja ulijaa. Nalongo na wanawe walisimama nje ya ua, karibu na wachuuzi wa maji. Mwalimu Mkuu alipenda kipaza sauti, na kwa haki yake, alisoma vizuri. Alizaliwa, alisoma, alioa, watoto wake ni hawa na hawa. Akafika mahali pake, sauti ikapanda, akageuka kidogo upande wa wageni.

"Shule yetu haitamsahau. Asubuhi moja mvua iliezua paa la darasa la saba, na binti zake pacha..."

Akasimama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona shingo yake ikitafuta njia. Angeruka mstari, lakini mstari uliofuata ulisema baba yao, na ule mwingine ulisema watoto wake na watoto wa wenzake. Angeacha aya nzima, lakini darasa lilikuwa ndani yake, na mabati, na wageni waliokwisha kunyoosha shingo wasikie. Akasoma.

"...na binti zake pacha, Babirye na Nakato, wakarudi nyumbani wamelowa pamoja na vitabu vyao. Kesho yake baba yao alikuja na lori la mabati, akapanda mwenyewe juu na nyundo, akasema watoto wake na watoto wa wenzake hawatanyeshewa tena. Darasa hilo ndilo mnaloliona pale ng'ambo ya barabara."

Kaka wa marehemu akainuka kutoka kwenye kiti, mdomo wazi. Kabla hajatoa neno, sauti ya Toto ikatoka mkekani.

"Ndivyo ilikuwa. Hata hiyo nyundo ilikuwa yangu. Endelea, mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaendelea. Watoto walipoitwa kutupa udongo, Babirye na Nakato wakapita katikati ya watu, na watu wakawapisha. Hakuna aliyewagusa, hakuna aliyewazuia. Nakato alitupa udongo mara moja tu, akabaki ameushika uliosalia, mpaka dada yake akamfungua vidole. Mama yao hakusogea. Alikaa pale pale kwa wachuuzi wa maji, leso imemfunika mpaka machoni, na watu walipotawanyika alikuwa ameshavuka daraja.

Jumatatu niliitwa ofisini. "Umenitega, Madam."

"Nimeandika kilichotokea. Kama kuna neno la uongo, nionyeshe, nitaenda kuomba radhi boma kwa boma."

Hakunionyesha. Lakini muhula haukuisha kabla ya barua ya uhamisho, na Afisa wa Elimu alinikabidhi barua hiyo akitabasamu. "Nasikia wewe ni mwandishi. Nenda Sio Port. Huko hakuna mambo mengi, utaandika mpaka uchoke." Alidhani ananitupa. Nilifundisha huko miaka mingi, omena, dagaa za ziwani, zikianikwa mpaka karibu na uwanja wa gwaride, harufu yake ikiingia hata kwenye chaki, na jioni nikiandika hadithi. Zikawa kitabu, kisha kingine. Mhariri wangu wa kwanza huko Nairobi alilalamika kwamba kurasa zangu hazipunguziki. Akitoa sentensi moja, nyingine tatu zinaanguka. Nikamwambia anisamehe, nilifundishwa na mtu mwenye kalamu ya kukata.

Sasa nimestaafu, naishi Mundika, nina kuku na maoni mengi. Vijana, mkitaka kuandika, sina siri ya kuwauzia. Ualimu ulinipa watu. Darasa la watoto arobaini ni boma arobaini, na kila boma lina jambo ambalo wenye viti hawalisemi. Nilikuwa mwalimu mzuri, nasema bila haya, na mwandishi mzuri kwa sababu hiyo. Jambo moja tu lilikuwa likinikera. Ahadi yangu kwa Toto niliitimiza na siijutii, lakini kila nilipomaliza kitabu nilimwona yule mama kwa wachuuzi wa maji, amejifunika, na hakuna ukurasa niliowahi kumpa.

Juzi Nakato alikuja kwangu. Ni muuguzi siku hizi, mama wa watoto. Hakuketi.

"Mwalimu, mama ameenda. Tunaomba utuandikie."

Nikavuka daraja pamoja naye. Nilizunguka jikoni, nikauliza, nikapata mengi mazuri, mpaka nikafika pale ambapo kila historia ya mwanamke hufika: aliolewa na nani. Kalamu ikasimama. Babirye akaniona. "Acha hapo tu, mwalimu. Andika alikuwa mama yetu. Hiyo inatosha."

Wakati huo bodaboda ikaingia uani, na juu yake Toto, mzee sana, fimbo imelazwa mapajani. Hakuna aliyemwita. Pacha wakakimbia kumshika, wakamketisha mkekani. Alipumua kwa muda mrefu, kisha akanitafuta kwa macho yake yenye ukungu.

"Umeandika nini hapo kwa mambo ya bwana?"

"Bado, Toto."

"Andika mke mwenzangu."

Nikaandika. Nikataka kuwauliza wasichana jina la ubatizo la mama yao, maana Nalongo ni cheo tu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza. Toto akatangulia.

"Anaitwa Yunia," akasema. "Weka yote. Na kesho usome kwa nguvu, mwalimu. Masikio yangu imezeeka, na mimi nataka kusikia jina lake."